Bei ya Mkazi

Baba yangu alifundisha historia zaidi ya miaka thelathini katika shule za msingi za Hanang, na kwa muda wote huo hakuwahi kuona kwa macho yake kitu chochote alichokifundisha. Alichora ubaoni, kwa chaki nyeupe, soko la watumwa la Unguja. Alichora jumba la sultani. Alichora vyumba vya chini ya ardhi walimofungiwa watu kabla ya kuuzwa, akavipa dari ya juu na dirisha dogo, kwa sababu picha ya kwenye kitabu ilikuwa imefifia na ilibidi mtu aamue mwenyewe. Watoto wa Nangwa na wa Gitting wakavinakili kwenye madaftari yao, pamoja na dirisha.

Alipostaafu, alilipwa kiinua mgongo. Jina hilo limekuwa likinichekesha tangu utotoni: unasubiri mgongo upinde kabisa ndipo unaletewa hela ya kuuinua. Mama alikuwa na mpango kamili wa hela ile. Bati za nyumba kubwa, jozi ya maksai, na kitakachobaki kibaki. Baba akausikiliza mpango wote, akausifu, kisha akasema kwamba kabla ya bati angependa kwenda Unguja kuuona Mji Mkongwe.

"Kuona nini?" mama akauliza.

"Historia."

"Umeifundisha miaka yote hiyo, hujaiona?"

"Ndilo linalonisumbua," akasema baba.

Wakati huo mimi nilikuwa nesi katika zahanati moja kule Masieda, na nilikuwa na likizo nisiyojua niifanyie nini. Nikapangiwa kumsindikiza. Mama alisema baba akienda peke yake atarudi na vitabu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Tulilala watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara, na ng'ombe hawakutambua tofauti yoyote. Soko huria lenyewe lilikuwa limeshatufikia siku nyingi. Mnada wa Katesh ulijaa mitumba, na kila mwenye mbuzi wawili alijiita mfanyabiashara. Kwa hiyo habari ya safari ya baba ilipoenea, watu walikuja nyumbani kumshauri kuhusu hela. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumshauri kuhusu historia.

Mshauri aliyeheshimika kuliko wote alikuwa jirani yetu mwenye duka, ambaye aliwahi kufika Dar es Salaam akaibiwa siku ya kwanza. Jambo hilo lilimpa mamlaka makubwa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Hela isikae mahali pamoja," akasema jirani, huku akihesabu kwa vidole. "Noti kubwa usiitoe mbele za watu. Uliza bei kabla hujagusa kitu. Na mtu usiyemjua akikuita rafiki, ongeza mwendo."

Baba aliandika yote daftarini na kupigia mistari kwa rula. Mama naye akachukua suruali ya baba, nyeusi ya kitambaa, akaishonea mfuko ndani, pajani, kwa uzi wa kushonea magunia. Karibu hela yote ya safari ikaingia humo. Alipomaliza akauvuta kwa mikono miwili, ukakataa kuchanika. Mwizi angehitaji kisu na muda wa kutosha. Hatukujiuliza mwenye suruali angehitaji nini.

Tulichukua basi kutoka Katesh, tukalala Arusha, kesho yake tukafika Dar es Salaam, na asubuhi iliyofuata tukawa bandarini. Kabla hatujafika dirisha la tiketi, kijana mmoja alitukimbilia mikono ameinyoosha.

"Hello! Ethiopia? Welcome, welcome!"

Hapa inabidi nieleze. Sisi Wairaqw wengi wetu ni warefu, wembamba, na pua zetu zina maoni yake. Nyumbani hakuna anayeziona. Ukifika pwani unageuzwa Mhabeshi kabla hujafungua mdomo, na ukiufungua ndiyo unaharibu kabisa.

Baba alisimama. Akamtazama kijana kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo iko wapi?"

Kijana akashusha mikono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa sema shida yako."

"Sina shida, mzee. Nawapatia tiketi haraka, bila foleni."

"Kwa bei gani?"

Kijana akataja bei. Baba akamwangalia, akaangalia na ubao uliokuwa juu ya dirisha, hatua ishirini kutoka pale, wenye bei ndogo zaidi.

"Na hii nyongeza ni ya nini?"

"Ya usumbufu wa foleni, mzee."

Tukaigeukia foleni. Ilikuwa na watu watatu, mmoja amekaa juu ya begi lake anakula chungwa. Baba akamshukuru kijana kwa moyo wake mwema, nasi tukaenda kujiunga na usumbufu.

Usumbufu halisi ulianza tulipofika dirishani. Karani akataja nauli ya watu wawili. Baba akapeleka mkono mfukoni, mkono ukakumbuka, ukarudi. Hela ilikuwa pajani, chini ya suruali, nyuma ya uzi wa magunia, na nyuma yetu foleni ilikuwa imeamua kurefuka.

"Subiri kidogo," baba akamwambia karani kwa heshima. "Naenda chooni mara moja."

Choo cha pale kilikuwa na mama mmoja mlangoni, ameketi na meza ndogo, karatasi na ndoo.

"Mia," akasema yule mama.

"Nitakulipa nikitoka."

"Wote husema hivyo."

"Mama, hela ipo ndani."

"Ndani ya nini?"

Mwalimu aliyejibu maswali ya watoto na wakaguzi kwa miaka thelathini na kitu akageuka kunitafuta. Nilimlipia mimi, kwa sarafu nilizokuwa nimezifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya maji na karanga. Alipotoka alikuwa na jasho, na nauli yote mkononi, noti kubwa zinazopepea mbele ya bandari nzima.

Siku hiyohiyo tukabadili utaratibu. Kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, baba alitoa hela ya siku hiyo tu, akanipa mimi ikiwa imechenjiwa noti ndogo na sarafu. Iliyobaki ilikaa pajani pake. Kama kuna jambo moja ningependa msafiri alichukue kwangu ni hilo: kuficha hela ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuweza kuifikia bila kuvua nguo.

Safari ya boti sitaisimulia. Mimi na baba tuliitumia yote tukitazama ndani ya mifuko ya plastiki.

Unguja tulipokelewa na nyumba ya wageni nzuri mno, yenye mlango wa mbao uliochongwa na mapokezi yenye feni. Dada wa mapokezi akataja bei ya chumba kwa dola.

"Kwa shilingi ni ngapi?" baba akauliza.

Dada akabonyeza kikokotoo, akatuonyesha. Nikashtuka. Tulipotoka bandarini tulipita duka la kubadilisha fedha lililobandika ubao nje, nami niliusoma, kwa kuwa tabia ya baba ya kusoma kuta nimeirithi. Dola ya pale mapokezi ilikuwa nene kuliko ya dukani.

"Mbona dola yenu ni ghali?" nikauliza.

"Hicho ndicho kiwango chetu hapa," akasema, bila ubaya wowote.

Yaani ukiwa na shilingi, katika nchi ya shilingi, unatozwa faini kwa kuwa nazo. Baba alitaka kuanzisha mjadala juu ya uhuru wa taifa. Nikamvuta koti, tukatoka. Mitaa miwili nyuma nilimkuta mama mmoja anauza vitumbua. Nikanunua vinne, na wakati anafunga nikamuuliza wafanyabiashara wa bara hulala wapi. Akanyoosha kidole chenye unga kuelekea kichochoro kimoja.

Nyumba ile haikuwa na feni mapokezi kwa sababu haikuwa na mapokezi. Ilikuwa na bi mkubwa mmoja kwenye kiti cha kamba. Bei yake ilikuwa ya shilingi, akaipunguza tuliposema siku tatu, na chai ya asubuhi ilikuwa humohumo. Baba akalipa usiku mmoja kwanza, akaenda kukagua kitanda na bomba kama anavyokagua madaftari, kisha akarudi kulipa siku mbili zilizobaki. Kuhusu chai, alielewa neno "humohumo" kwa upana wake. Alikula mayai, chapati na ndizi kiasi kwamba mchana hatukuwa na gharama ya chakula hata kidogo. Siku ya pili bi mkubwa alikuwa akimtazama kwa heshima mpya.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda kwenye jumba moja la kale lililogeuzwa makumbusho. Dirishani alikaa dada mwenye mtandio wa buluu. Ukutani pameandikwa bei mbili: wakazi kwa shilingi, wageni kwa dola. Baba alizisoma zote mbili kwa sauti, akasema, "Wakazi wawili."

Dada akamtazama baba urefu wake wote, kuanzia viatu mpaka kofia.

"Nyie si Wahabeshi?"

"Sisi Watanzania."

"Mbona Kiswahili chako hivyo, babu?"

Kiswahili cha baba kilikuwa sanifu. Hakukosea upatanisho hata akiwa na homa. Tatizo lilikuwa koo. Lugha yetu ina sauti zinazotoka mbali sana kooni, na baba alizaliwa nazo. Kila "h" yake ilipita huko kwanza kabla ya kutokea hadharani. Watu wa pwani walisikia koo, hawakusikia sarufi.

"Mkoa gani?" dada akauliza.

"Manyara."

"Manyara ni mbuga ya wanyama."

"Ni mbuga, ni ziwa, na sasa ni mkoa," akasema baba, akatoa barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji.

Dada akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudia mbele. "Barua yasema Mkoa wa Manyara. Muhuri wasema Mkoa wa Arusha. Babu, watoka wapi hasa?"

"Mkoa umeshafika," akasema baba. "Muhuri bado."

Mimi nilikuwa na kitambulisho cha kazi, chenye picha na kila kitu. Kilikuwa salama kabisa, kwenye begi, chumbani, kwa bi mkubwa. Nilikuwa nimekiacha huko kisije kikapotea. Sijawahi tena kukihifadhi vizuri namna ile.

Dada akamwita mkubwa wake, bwana mmoja wa miwani. Huyo naye akasoma barua, kisha akaigeukia ramani kubwa ya Tanzania iliyotundikwa nyuma yake.

"Mzee, mkoa wako haupo."

"Ramani yenu ni ya zamani."

"Hapa ni makumbusho," akasema yule bwana. "Vitu vyote ni vya zamani."

Nyuma yetu walikuwa wamefika Wazungu wawili, mume na mke, wamevaa kofia zinazofanana. Nikaona baba anaweka mikono nyuma ya mgongo, nikajua kitakachofuata. Nikamfinya kiwiko. Hakusikia.

"Nitakutajia mikoa yote ya nchi hii," akasema. "Nikikosea mmoja, nalipa dola."

Akaanza na Kagera. Alikwenda kwa kufuata mipaka, mkoa na makao yake makuu, kwa ule wimbo wa darasa la nne ambao unaweza kuusikia hata ukiwa shambani upande wa pili wa bonde. Akashuka magharibi, akapita kusini, akapanda na pwani, akavuka maji. Akataja Mkokotoni, akataja Koani, akaenda Pemba na kurudi. Akamalizia na Manyara, makao makuu Babati, kwa sauti ya juu kidogo. Wazungu wakapiga makofi, nadhani walidhani ni sehemu ya kiingilio.

Kisha baba akamgeukia dada wa mtandio. "Wewe sasa. Makao makuu ya Rukwa?"

Dada akamwangalia mkubwa wake. Mkubwa wake akaangalia dari.

"Mpanda?" dada akabahatisha.

"Sumbawanga. Kaa chini."

Alikuwa amekaa tayari, lakini alijisogeza vizuri kitini. Yule bwana akacheka mpaka akavua miwani.

"Wakatie ya wakazi," akasema. "Mgeni hawezi kutusumbua kiasi hiki."

Tulipotoka mle baba alikuwa anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Ushindi ule ndio uliotuponza. Nje palikuwa na mtu wa makamo, mwenye kofia ya kiua na beji ya kuongoza wageni, akaanza kuzungumza huku anatembea, nasi tukajikuta tunatembea naye. Alimsalimia baba shikamoo vizuri, akamwita mwalimu bila kuambiwa. Hakutuita rafiki. Baba hakuuliza bei. Mstari wa tatu wa daftari, uliopigiwa rula, ulibaki daftarini.

Mwongozaji alisimulia vizuri. Kila mlango ulikuwa na binti wa kifalme, na kila binti alikuwa na mpenzi aliyekatwa kitu. Baba alivumilia milango mitatu.

"Huyo sultani unayemtaja alikuwa ameshakufa wakati huo," akasema kwenye wa nne.

Mwongozaji akasimama. "Mwalimu, umewahi kufika hapa?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

"Nilifundisha."

Wakatazamana kidogo, wakaendelea. Kuanzia hapo mwongozaji alikuwa akitaja sultani kisha anasubiri, na baba anaitikia kwa kichwa au anamsahihisha. Tulikwenda kwa mwendo huo mpaka kwenye kanisa kongwe lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa.

Baba hakujua kuhusu kanisa. Miaka yote alifundisha kwamba soko lilifungwa. Hakuna kitabu kilichomwambia palijengwa nini. Na langoni palikuwa na dirisha la tiketi.

"Kiingilio?" akaninong'oneza. "Kanisani?"

"Ndiyo, baba."

"Na sadaka?"

"Sadaka ni hiari, mwalimu," akasema mwongozaji.

"Kwetu sadaka ndiyo kiingilio," baba akasema, "na unaitoa ukishasikia mahubiri, ili ujue inastahili ngapi." Lakini akalipa. Bei ya mkazi, na safari hii hakuna aliyetuuliza mikoa.

Karibu na kanisa kuna ngazi zinazoshuka kwenye vyumba vya chini. Mwongozaji akatangulia, baba akafuata, mimi nyuma. Baba alishuka ngazi kichwa juu, kwa haraka ya mtu anayeingia chumba anachokijua. Akagonga paji la uso kwenye jiwe.

Sikucheka. Hata sasa nikisimulia watu wanataka kucheka hapa, na mimi nawaachia, lakini pale sikucheka. Dari ilikuwa chini mno. Baba, na urefu wake wote, alilazimika kuinama ili aingie, na hata ndani hakuweza kunyooka. Pembeni palikuwa na kingo za mawe mithili ya vitanda, na katikati mfereji mwembamba, na minyororo imewekwa ili watu waone. Hewa ilikuwa nzito. Pale juu ukutani palikuwa na tundu, jembamba, ambalo mtu mwenye huruma angeliita dirisha.

Baba akaketi kwenye jiwe, kofia mkononi. Mwongozaji alikuwa ameanza kusema walikaa wangapi na kwa siku ngapi, kisha naye akaketi. Nilimwona baba akipima ukuta kwa kiganja, kutoka sakafuni kwenda juu, kiganja baada ya kiganja, mpaka mkono ukagusa dari bila yeye kusimama.

"Niliwaambia watoto ni chumba," akasema.

"Ni chumba, baba."

"Mimi niliwachorea chumba. Mtu anasimama, anatembea, anachungulia nje." Akajipangusa paji la uso, palipoanza kuvimba. "Wote wale. Miaka yote ile."

Nesi hufundishwa la kusema kwa mgonjwa, kwa mwenye msiba na kwa mlevi. Hatukufundishwa la kumwambia mwalimu aliyekosea mchoro.

Tulipotoka juani tukaketi kwenye ukuta mfupi. Mwongozaji alivua kofia yake ya kiua, akaichezea magotini.

"Mwalimu, nikwambie kitu? Wapo wasomi wanaosema vile vyumba si vya wakati wa soko. Vilichimbwa baadaye, soko limeshafungwa. Wanasema ilikuwa stoo."

Baba akageuka taratibu. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kile mgeni alicholipia."

Nikadhani baba atakasirika. Aliangalia watalii wakipita, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka kicheko kirefu kisicho na furaha sana.

"Mimi nilisema kile kilichokuwa kwenye mtaala," akasema.

Tangu pale wakawa marafiki. Mwongozaji akatupeleka kula mahali wanapokula wapagazi na makarani, nyuma ya soko, ambapo hakuna orodha ya vyakula na kwa hiyo hakuna bei ya dola. Tulikula urojo. Baba aliutazama akasema ni uji uliougua manjano, kisha akaomba bakuli la pili. Watu watatu tulishiba kwa hela ambayo pale mbele ya bahari ingenunua soda moja na kutazamwa vibaya.

Ndipo ukafika wakati wa kumlipa mwongozaji.

"Ni kiasi gani?" baba akauliza, saa tano baada ya wakati unaofaa wa kuuliza.

Mwongozaji akaweka mkono kifuani. "Mwalimu, kwako wewe sina bei. Nipe chochote unachoona kinafaa."

Nimesafiri mara kadhaa tangu siku ile, na bado sijakutana na bei ghali kuliko hiyo. Bei ya dola unaweza kubishana nayo. Bei ya dukani unaweza kuigeuzia kisogo. Lakini mtu uliyekula naye, aliyekufungulia siri ya kazi yake, akikwambia umpe unachoona kinafaa, unabaki wewe na heshima yako, na heshima ya mwalimu mstaafu haijui kupatana. Baba aliomba kwenda chooni. Aliporudi alimpa mtu yule kiasi kilichozidi bei rasmi ya waongozaji. Najua kilizidi kwa sababu bei rasmi tuliikuta jioni, imebandikwa mlangoni kwa bi mkubwa, kwa maandishi makubwa, karibu na saa za chai.

"Ungesoma kabla," nikamwambia.

"Nilikuwa nawahi mayai," akasema baba.

Siku ya mwisho tulinunua zawadi. Baba alimchagulia mama kanga kwenye duka moja la kichochoroni, baada ya kuuliza bei katika maduka sita na kuondoka mara mbili akiitwa. Tulinunua pia zafarani, kipakiti kidogo chenye nyuzi nyekundu. Muuzaji alituapia kwamba ni halisi.

Mama alipoifungua kanga, alisoma maandishi yake, akaingia chumbani, akatoka na nyingine kama hiyo hiyo, rangi ileile, maneno yaleyale. Alikuwa ameinunua mnadani Katesh kabla ya Krismasi. Akazilinganisha pindo kwa pindo, zilikuwa zimetoka kiwanda kimoja. Akamuuliza baba alinunua kwa kiasi gani, na baba akamwambia, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo nje ya mtaala. Mama akazikunja pamoja. Alizivaa zote mbili kanisani Jumapili, moja chini na moja juu, na akapendeza kweli. Zafarani ilipotiwa kwenye wali ikatoa rangi safi ya manjano na harufu ya bizari. Tuliila.

Watu walikuja tena nyumbani, kutoka Nangwa na hata kutoka Gitting, kusikia. Baba alikuwa amejiandaa kuwaeleza juu ya vyumba. Alikuwa ameshavichora upya, kwa penseli, kwa vipimo vya kiganja, na pembeni ameandika kwamba wasomi hawajakubaliana. Watu waliutazama mchoro kwa adabu, halafu wakauliza nauli. Kulala ni kiasi gani, kula ni kiasi gani, ukiwa na shilingi inakuwaje. Jirani mwenye duka alitaka kujua tuliibiwa wapi, na tuliposema hatukuibiwa alionekana kupungukiwa. Baba akawajibu wote kwa subira: noti ndogo, kitambulisho chenye picha, tiketi dirishani, lala mitaa miwili nyuma, kula na wapagazi, patana bei kabla hujaanza kutembea. Kufikia Pasaka alikuwa mtaalamu wa matumizi ya hela mjini, yeye ambaye alikuwa ametumia karibu bati zote za upande wa mashariki.

Miaka miwili baadaye, mama alivuna maharage mengi. Akauza magunia, akatangaza kwamba kina mama wa kwaya wanakwenda Dar es Salaam kwenye mkutano wa kanisa, na kwamba yeye na wenzake watatu wakimaliza watavuka kwenda Unguja kwa siku mbili. Baba akachangamka. Akamwandikia kurasa nne za maelekezo. Mama akazikunja, akazitia kwenye kikapu, na sidhani zilikunjuliwa tena. Hela yake alifunga kwenye kitambaa, akakitia kifuani, kama kila siku ya mnada.

Alirudi ametumia chini ya nusu ya tulichotumia sisi. Baba alimkalisha, akamhoji kituo kwa kituo. Mlilala wapi? Kwa mama mmoja tuliyesali naye, ana ndugu huko. Mlikula wapi? Tulipika naye. Tiketi? Nilimwambia karani shikamoo, maana alikuwa mkubwa, akatuonyesha boti ya bei nafuu. Walikuita Mhabeshi? Waliniita, nikaitika, wakacheka, wakanipunguzia maembe.

Baba akaweka kalamu chini. Akauliza lile lililokuwa likimkaa rohoni tangu mama ashuke kwenye basi.

"Na vile vyumba? Uliviona?"

"Tulifika mpaka langoni," akasema mama, akichambua maharage ya mbegu. "Wakasema kuingia ni kwa hela, na ndani lazima uiname. Nikawaambia wenzangu waingie, nitawasubiri nje. Kuinama nimeinama bure shambani maisha yangu yote, sitaanza kulipia leo."

Baba akafunga daftari. Kisha akavuta ungo upande wake, akaanza kumsaidia kuchambua.